Mambo Mbotela, sauti iliyowaonyesha mpira wasiokuwa kiwanjani

Leonard Mambo Mbotela aliaga dunia siku ya Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025, jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 84. Kenya nzima ilisimama kumlilia, kuanzia Rais William Ruto hadi waendesha matatu. Huku kwetu mashariki ya Kongo habari hiyo ilipita kama upepo. Mji wa Goma ulikuwa umeangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu ukafuata katikati ya Februari. Watu walikuwa wanatafuta maji, unga na habari za ndugu zao. Nani angepata nafasi ya kuomboleza mtangazaji wa kabumbu wa inchi ya jirani?

Lakini deni la matanga halifi. Mzee huyu anastahili kukumbukwa hata na sisi, na si kwa sababu ya mpira peke yake.

Alizaliwa Mombasa tarehe 29 Mei 1940, akakulia Freretown, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo jina lake linabeba historia nzito. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha kijiji hicho miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, wakakipa jina la Mwingereza Bartle Frere. Mpaka leo sehemu moja ya hapo inaitwa Kengeleni, kwa ajili ya kengele iliyokuwa inagongwa kuwaonya wakaaji kwamba wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Babu yake Mambo alikuwa mmoja wa waliookolewa. Alikamatwa upande wa Nyasa, ambako leo ni Malawi, akasukumwa hadi baharini, akanusurika. Baba yake, James Juma Mbotela, aliandika habari hizo katika kitabu Uhuru wa Watumwa kilichotoka mwaka 1934, ambacho vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki walikisoma shuleni. Wataalamu wamekilaumu kwamba kinawasifu Waingereza kupita kiasi. Inawezekana. Lakini mtu ambaye mzazi wake alitolewa kwenye mnyororo ana haki ya kumshukuru aliyeukata, hata kama sisi wengine tuna maswali yetu.

Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nyumba ya vitabu na ya Kiswahili. Na jina la ukoo lilikuwa limekwisha kujulikana Nairobi kabla hajafika kwenye maikrofoni: mtaa wa Mbotela, mashariki ya jiji hilo, ulipewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa wa ukoo huo aliyeuawa mwaka 1952.

Mambo aliingia redioni mwaka 1964. Kenya ilikuwa imepata uhuru miezi michache tu iliyopita, na mwaka huo huo serikali ikaichukua redio ya taifa na kuiita Voice of Kenya, yaani Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 inajulikana kama KBC. Kijana, redio na inchi vyote vilikuwa vinaanza pamoja.

Kadenge na mpira

Msomaji mwenye umri wa miaka ishirini atuvumilie hapa, maana inabidi kueleza jambo ambalo wazazi wake hawahitaji kuelezwa. Zamani mpira ulikuwa kitu cha kusikia. Kiwanja kilikuwa Nairobi, au Kampala, au Kinshasa, na wewe ulikuwa kijijini na redio moja ya betri, imezungukwa na wanaume kumi na watano, watoto wakisukumwa nyuma, mwenye redio akiwa kama mfalme. Kama betri zilianza kuchoka, zilitolewa zikaanikwa juani. Hakuna aliyewahi kumwona mchezaji hata mmoja uso kwa uso. Wote waliwaona kupitia mdomo wa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa na kazi ngumu kuliko ya refa. Refa anahukumu kinachoonekana. Mtangazaji wa redio anatakiwa kumjengea kipofu kiwanja kizima: magoli yako wapi, nani amevaa nini, ekipe gani inashambulia upande gani. Watangazaji wa kizazi cha Mbotela walitatua jambo hilo kwa ujanja ambao hadi leo unachekesha. Walisema ekipe fulani inacheza kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako. Basi! Kila redio ikawa kiwanja. Aliyeketi nyuma ya redio ilimbidi ahame, la sivyo ekipe yake ingekuwa inashambulia lango lake mwenyewe.

Kiswahili kiliwasaidia. Tufikirie neno moja: "amemnyang'anya". Ndani ya neno hilo yumo aliyefanya, yumo aliyefanyiwa, na wakati wenyewe umo. Mtangazaji wa Kifaransa anahitaji maneno manne au matano kusema hivyo, na mpira haumsubiri. Wa Kiswahili anatoa neno moja na bado ana pumzi ya kumtania beki aliyenyang'anywa. Halafu kuna maneno ya bahari. Chombo kinapofuata ufuko bila kuugusa, watu wa pwani husema kinaambaa. Watangazaji wakalichukua neno hilo na kulipeleka kiwanjani: mpira unaambaa, unaambaa kwenye mstari, hautoki wala hauingii, na roho ya msikilizaji inaambaa nao. Mtoto wa Freretown hakuhitaji kamusi kwa maneno kama hayo. Yalikuwa maneno ya nyumbani.

Na wakati mwingine hakuhitaji hata kitenzi. Sentensi maarufu kuliko zote katika utangazaji wa mpira wa Kenya ina maneno matatu tu: Kadenge na mpira. Wakenya wengi wakiisikia wanaisikia kwa sauti ya Mbotela. Joe Kadenge alikuwa mshambuliaji wa miaka ya 1960, mtu ambaye mpira ulimtii. Alipoupata, mtangazaji alikuwa na chaguo mbili: kueleza kila chenga, au kukubali kwamba lugha imeshindwa na kusema tu ukweli ulivyo. Kadenge na mpira. Kadenge na mpira. Kadenge na mpira. Msikilizaji alijua kwamba watu wanaanguka hapo katikati, wala hakuhitaji kutajiwa majina yao. Maneno hayo yalitoka redioni yakaingia barabarani, watoto wakayaimba wakicheza na mpira wa matambara, na Kadenge alipofariki mwezi wa Julai 2019 ndiyo yaliyoandikwa kwenye magazeti kabla ya kitu kingine chochote. Ni watangazaji wachache duniani ambao maneno yao yamekuwa jina la pili la mchezaji.

Mbotela hakuwa peke yake kwenye kibanda. Kulikuwa na Mohammed Juma Njuguna, baadaye Jack Oyoo Sylvester, na wengine waliokuwa na mashabiki wao. Ukiwauliza wazee wa Nairobi ni nani aliyekuwa bora, utazua mabishano ya siku nzima. Wengine waliuona mpira kwa undani kuliko yeye, hilo watu wanaokubali kusema kweli wanalisema. Alichokuwa nacho Mambo ni kwamba alikuwa anafurahi. Alicheka hewani. Sauti yake ilikuwa na tabasamu ndani yake, na msikilizaji anajua tofauti kati ya mtu anayechekesha kwa mshahara na mtu anayechekeshwa na maisha. Jina lenyewe lilimfaa. Huku kwetu ukisema mtu "ana mambo mingi" hujamsifu hata kidogo. Yeye alikuwa na mambo mengi na watu walimpenda kwa ajili hiyo.

Ilikuwa pia bahati ya wakati wake. Harambee Stars walichukua Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, chini ya kocha Marshall Mulwa, na golini akiwa Mahmoud Abbas ambaye mashabiki walimwita Kenya One. Mwaka 1987 Gor Mahia walitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, wakatoka sare ya 1-1 Nairobi, wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa bao la ugenini. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyoleta nyumbani kombe la bara. Redio ndiyo iliyoyafikisha hayo yote Turkana, Kisii na Lamu kwa wakati mmoja. Sisi wa huku tuliokuwa na TP Englebert, mabingwa wa Afrika 1967 na 1968, na Leopards waliokwenda Kombe la Dunia 1974, tunajua ladha hiyo.

Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982

Kuna jambo moja ambalo Mbotela aliombwa kulisimulia maisha yake yote, kuliko bao lolote.

Jumapili hiyo, alfajiri, kabla jua halijatoka, wanajeshi wa anga walibisha nyumbani kwake katika mtaa wa Ngara. Aliyewaongoza alikuwa Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini aliyekuwa ameamua kuchukua inchi. Walikuwa na silaha, walikuwa na magari, walikuwa na kambi za ndege. Kitu kimoja kilikuwa kinakosekana: sauti. Wakamchukua Mbotela hadi kituo cha redio na kumwamuru awatangazie Wakenya kwamba serikali ya Daniel arap Moi imepinduliwa. Akatangaza. Mtu yeyote ambaye angesema kwamba angekataa, na aseme hivyo akiwa na mtutu wa bunduki ubavuni.

Hebu tujiulize: kwa nini yeye? Redio ilikuwa na wasomaji wa habari wengi, na wengine walikuwa wa zamu usiku huo. Ochuka angeweza kusoma mwenyewe. Lakini wanajeshi walielewa jambo ambalo wanasiasa wengi huwa hawalielewi. Watu hawaamini redio, wanaamini mtu aliye ndani yake. Sauti iliyokuwa imewaambia kwa miaka kumi na minane kwamba bao limeingia, na kweli bao lilikuwa limeingia, ikisema serikali imeanguka, nani atabisha? Uaminifu uliojengwa kwa kona na penalti uliibiwa kwa dakika chache na kutumiwa kwa kazi nyingine.

Kabla siku haijaisha, wanajeshi watiifu kwa serikali wakiongozwa na Jenerali Mahmoud Mohamed walikuwa wamekirudisha kituo. Kulipigwa risasi ndani na nje. Mbotela alikuwa humo humo. Na waliporudi wenyewe, walifanya nini? Walimwambia atangaze kwamba serikali ya Moi imerudi. Sauti ile ile, siku ile ile, habari mbili zinazopingana, na Wakenya wakaamini zote mbili.

Watu zaidi ya 100 waliuawa katika jaribio hilo. Ochuka alikimbilia Tanzania kwa ndege, akarudishwa, akanyongwa mwaka 1987. Mbotela aliendelea na kazi, na baadaye alihudumu hata katika kitengo cha habari cha Rais Moi mwenyewe. Kuna waliomkosoa kwa kuwa karibu na utawala ambao ulifunga waandishi na kuwatesa wapinzani. Ukosoaji huo una haki yake. Redio ya taifa wakati wa chama kimoja haikuwa mahali pa kusema kila kitu, na yeye hakuwahi kujifanya shujaa wa upinzani. Alipokuwa anakisimulia kisa cha Ngara miaka ya baadaye, alikisimulia kama mpira: kulikuwa na shambulio, kulikuwa na shambulio la kujibu, na yeye alikuwa katikati ya kiwanja bila viatu. Alipenda kuwachekesha wasikilizaji kwa hofu yake mwenyewe. Lakini anayesikiliza vizuri anasikia kwamba hofu ile haikuwahi kumtoka.

Waandishi wa redio za mashariki ya Kongo hawahitaji kuelezwa sehemu hii. Wanajua maana ya kubishiwa hodi usiku. Wanajua swali la kuuliza unapoamka na kukuta mji umebadilisha mwenyewe: kesho nisome habari ya nani? Wengine wamenyamaza, wengine wamehama, wengine wanaendelea kupiga muziki na kutangaza bei ya mihogo kwa sababu hilo ndilo pekee lisilo na hatari. Mpira pia ulikuwa kimbilio kama hilo.

Je, huu ni ungwana?

Tumefika kwenye kazi iliyodumu kuliko zote. Kuanzia mwaka 1966, Mbotela alikuwa na kipindi kilichoitwa Je, Huu ni Ungwana? Kilidumu zaidi ya nusu karne, na ni vipindi vichache sana barani Afrika vilivyoishi hivyo kwa mtangazaji mmoja. Mpango wake ulikuwa rahisi mno. Alichukua kisa cha kila siku, kama cha mgeni anayefika saa ya chakula kila mara kana kwamba ana saa ya mkononi kwa kazi hiyo, au cha mtu anayeazima kitu na kukirudisha kimevunjika bila neno, akakisimulia kwa utani hadi msikilizaji akacheka, halafu akauliza swali lile. Hakutoa hukumu nzito. Swali lenyewe lilikuwa hukumu. Mtu aliyekuwa amefanya hivyo jana aliacha kucheka kabla ya wenzake.

Swali hilo liliingia katika lugha ya watu. Kenya mtu akikukanyaga kwenye basi na kunyamaza, unaweza kumwuliza: je, huu ni ungwana? Na atajua unamnukuu nani.

Tulisimamishe neno hilo kidogo, maana sisi Wakongomani tuna hisa ndani yake. Muungwana, zamani za pwani, hakuwa tu mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Neno lilitenganisha aliyezaliwa huru na aliyenunuliwa. Misafara ya pembe na watumwa ilipoingia bara katika karne ya 19, wapagazi na askari waliotoka pwani walijiita waungwana, ingawa wengi wao walikuwa watumwa au waliokuwa wameachwa huru juzi tu. Walifika Kasongo, Nyangwe na hadi Kisangani pamoja na Tippu Tip, na lugha waliyoiacha nyuma yao iliitwa kwa jina lao: Kingwana. Ndiyo, Kiswahili cha babu zetu, kile ambacho wakoloni na wamisionari walikiandikia vitabu, maana yake ni lugha ya watu huru, na kililetwa na biashara iliyowaondolea wengine uhuru.

Sasa tumwangalie tena Mbotela. Mjukuu wa mtu aliyefungwa katika biashara hiyo hiyo. Kwa kipimo cha pwani ya zamani, ukoo wake usingeitwa wa kiungwana hata siku moja. Watu wa Freretown walidharauliwa na majirani zao kwa miaka mingi kwa sababu ya asili yao. Na ni yeye aliyekaa mbele ya maikrofoni kwa zaidi ya miaka hamsini akiliuliza taifa zima, mawaziri na makuli sawasawa, kama matendo yao ni ya kiungwana. Aligeuza kipimo. Uungwana ukawa kitu unachofanya ukikanyaga mguu wa mwenzako, si kitu ulichozaliwa nacho. Kwamba alifanya hivyo huku watu wakishika mbavu kwa kicheko, pengine ndiyo sababu hakuna aliyekasirika.

Alimwacha mjane na watoto. Na aliacha pengo ambalo haliwezi kujazwa kwa kumtafuta mtu mwenye sauti kama yake, kwa sababu kilichokwisha ni usikilizaji wenyewe. Leo Jumamosi jioni, Nairobi kama Bukavu, vijana wamekaa mbele ya skrini wakifuata Arsenal na Real Madrid kwa Kiingereza au kwa Kifaransa, tiketi ya kubeti mkononi. Wanaona kila kitu mara tatu, pole pole, kwa pembe tano. Mechi za kwetu zinachezwa karibu kimya. Kwetu mpira wa redioni umezoea Kifaransa na Lingala. Kiswahili, lugha ya mamilioni toka Kalemie hadi Bunia, kimebaki pembeni, na hatuna hata sentensi moja ya maneno matatu ambayo mtoto wa Goma na mtoto wa Lubumbashi wanaweza kuimba pamoja. Kabasu Babo alistahili moja. Trésor Mputu pia.

Miezi sita baada ya kifo chake, tarehe 3 Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalifika Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Harambee Stars kucheza fainali hizo, na mechi yao ya kwanza ilikuwa dhidi yetu, Leopards, mabingwa wa 2009 na 2016. Kasarani ilijaa. Kipindi cha kwanza kilikuwa kinaisha, dakika za nyongeza zimeanza, ndipo Austin Odhiambo alipofunga. 1-0, na ikabaki hivyo hadi mwisho. Sisi tulinung'unika, na tulikuwa na sababu. Ila ilikuwa bao la aina ile aliyokuwa anaipenda: la saa ambayo watu wameanza kusimama kwenda kununua karanga.